Awamu ya Kwanza

Steshenari iliyo mkabala na stesheni ya reli
hufunguliwa saa mbili. Saa moja na nusu nimeshafika,
bahasha kifuani: cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne,
cha sita, cha shahada ya ualimu, Baiolojia na Kemia,
kila nakala imegongwa muhuri wa wakili
kwa elfu tano tano, kana kwamba bila wino wake
mimi sikuzaliwa.

Fomu inauliza umri. Thelathini na sita.
Inauliza kazi. Mwalimu.
Inauliza mdhamini wa ada. Naandika jina langu.
Mfumo unakataa: mwombaji hawezi kujidhamini.
Naandika jina la kaka yangu, Kashindye,
ambaye hajui.

Kozi ni ya wenye shahada tayari,
miezi kumi na minane, likizo hakuna.
Haraka haraka haina baraka,
alisema Bi Nshoma wa ofisi ya taaluma.
Nikamjibu: uchungu wa uzazi haujausikia msemo huo.

Ukurasa wa mwisho:
Eleza kwa nini unataka kuwa muuguzi.
Naandika *wito*. Nafuta.
Naandika *tangu utotoni*. Uongo;
utotoni nilitaka kukata tiketi za treni ya Mpanda.
Nafuta.

Naandika: usiku wa Machi, zahanati, umeme umekatika,
mdogo wangu Wande kitandani, muuguzi mmoja tu.
Akanipa tochi. Akasema, mulika hapa, usitazame pembeni.
Kisha akauchukua mkono wangu wa pili, akaulaza: bonyeza.
Miaka kumi nimechora moyo ubaoni,
chaki nyekundu, chaki ya buluu, mishale,
na sikuwahi kuusikia ukihangaika
chini ya kiganja.
Mkono haukutetemeka.
Ulitetemeka kesho yake, nikichambua mchele.

Natuma hivyo hivyo. Walitaka maneno mia tatu.
Mengine sina.

Wiki saba. Kisha ujumbe: umechaguliwa,
na chini yake namba ya malipo, tarakimu kumi na mbili,
inakufa baada ya siku kumi na nne.

Bodi ya Mikopo hawanipi.
Hawanipi kwa sababu walishanipa;
deni la shahada ya kwanza bado linakatwa
kabla mshahara haujanijua jina.
Basi nahesabu vinginevyo:
ndoo sita za asali ya baba, kutoka porini Sikonge
(mbili zina masega, bei inashuka);
cherehani, na mnunuzi anataka nimwachie na mkasi;
zamu ya mchezo wa kina mama wa Isevya,
haikuwa yangu, ilikuwa ya Mama Tunu,
mwenye paa linalovuja.
Alisema, "Mvua zenyewe mpaka Novemba. Chukua."
Kashindye, alipojua, aliahidi fedha za tumbaku.
Tumbaku imepimwa, imepewa daraja, imekwenda.
Fedha, anasema, ziko njiani.
Njia hiyo sijui ina vituo vingapi.

Siku ya kumi na tatu, kibanda cha wakala.
Wakala ni Shija. Nilimfelisha Kemia kidato cha tatu.
Namsomea tarakimu, yeye anabonyeza,
tunarudia polepole
kama watu wawili wanaopitisha kabati mlangoni.
Laki sita, awamu ya kwanza kati ya nne.
Anahesabu noti zangu, zinanata asali,
analamba kidole, anacheka, anahesabu tena.

"Mwalimu, makato je?"

Makato sikuyahesabu.
Nyuma yangu foleni inakohoa.
Shija anafungua droo, anatoa elfu nne zake,
anabonyeza, simu yangu inatetemeka mfukoni:
malipo yamepokelewa.

Anavuta daftari la madeni.
Anaandika *Mwl. Nyanzala, 4,000*.
Anaitazama ile *Mwl.*, anaikata kwa mstari,
anafikiri kidogo, kalamu hewani,
kisha anairudisha juu yake,
kwa herufi ndogo zaidi.